Mguu wa Nyuma wa Kiti cha Shangazi

Shangazi yangu anaishi Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, katika nyumba ile ile aliyonilea baada ya mama yangu kufariki. Asubuhi huenda shambani, na jua likishakuwa kali hurudi nyumbani, akakaa barazani kusuka vikapu vya mkonge mpaka jioni. Miaka yote alisuka akiwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele. Mwenzake wa kazi alikuwa jirani yake, mjane wa umri wake, ambaye shamba lake limepakana na la shangazi. Hawakusuka mmoja bila mwingine. Mmoja akipata wageni, mwingine alibeba mkonge wake akaja kukaa na wageni hao hao.

Magoti ya shangazi yalipoanza kumsumbua, kukaa chini kukawa adhabu. Alijaribu kiti cha plastiki, kikawa kirefu, mgongo ukamuuma. Nilipomtembelea likizo moja ya Aprili nilimkuta amekalia debe lililopinduliwa, ameliwekea kanga iliyokunjwa juu yake.

Nikamwambia, "Shangazi, mimi nitakutengenezea kiti."

"Wewe si mwalimu wa hesabu?"

"Siku hizi ninajifunza useremala."

Alinitazama kidogo, akaendelea kusuka. "Basi kiwe kifupi," akasema. "Na kiwe na mahali pa kuegemea."

Ni kweli nilikuwa najifunza. Mimi hufundisha shule ya msingi mjini Voi, na kila Jumamosi nilikuwa nakwenda karakana ya fundi mmoja nyuma ya soko. Yeye ni mzee Mwislamu, watu wake walitoka pwani zamani, na Kiswahili chake bado kina ladha ya huko. Hakunitoza chochote. Alisema mwalimu akikubali kufundishwa, ni raha kumtazama. Pembeni mwa karakana palikuwa na lundo la mabaki ya mbao ngumu: vipande vya mvule vilivyobaki kwenye milango, vya mahogani vilivyobaki kwenye makabati, na vya muhugu, ile mbao nzito yenye harufu tamu ambayo ukiikata mikono hunukia mpaka jioni. Vingi vilikuwa vifupi au vyembamba mno, havikufaa kwa kazi ya mteja. Fundi aliniambia nichukue nipendacho.

Nilipenda kazi ile kuliko nilivyotarajia. Nilichagua vipande vya mvule kwa ajili ya sehemu ya kukalia, nikavipiga randa kingo zake hata nikivisimamisha viwili pamoja dhidi ya mwanga, mwanga usipite katikati. Nilivipaka gundi, nikavipanga kwa zamu, kimoja cha rangi iliyokolea kimoja cha rangi hafifu, nikavibana kwa klampu za chuma mpaka gundi ikachuruzika kwenye viungo. Vilipokauka vikawa ubao mmoja mpana. Kisha nikaanza kuuchimba kwa patasi ya mdomo wa mviringo, kidogo kidogo, nikifuata umbo la mtu aliyeketi. Baada ya patasi nikatumia tupa, baada ya tupa msasa. Kila Jumamosi nilikikalia kile kibao sakafuni ili kujua ni wapi bado panachoma.

Miguu ilikuwa shida. Niliitaka iwe ya muhugu kwa sababu ya uzito wake, lakini hapakuwa na kipande kinene cha kutosha. Ilibidi kila mguu niuunge kwa vipande viwili, nivigandishe ubavu kwa ubavu, halafu ndipo niuchonge. Fundi alichukua kipande kimoja akakipitisha chini ya pua.

"Mwalimu, mbao hii ina mafuta," akasema. "Gundi haielewani nayo. Kabla hujapaka, ikwangue kwa msasa mpya, kisha uipanguse kwa thina ikate mafuta, uiwache ikauke. Ukipuuza hayo, itashika leo na baadaye itakuachia."

"Nimeelewa, Mzee."

"Wasema umeelewa. Haya."

Katikati ya muhula wa pili shangazi alinipigia simu. Kikundi chao cha akina mama kingekutana kwake Jumamosi iliyofuata, na alikuwa ameshawatangazia. "Nimewaambia mwanangu ananitengenezea kiti kwa mikono yake," akasema. Nilijisikia vizuri sana kusikia hivyo. Nilimwambia kitakuwa tayari, na miguu ilikuwa bado vipande.

Wiki hiyo fundi alikuwa Mombasa kwenye harusi ya binti yake, na ufunguo wa karakana alikuwa ameniachia mimi. Jumatano baada ya masomo nilifungua, nikatoa vipande vya muhugu, nikavipiga msasa. Nilipoinua chupa ya thina ilikuwa tupu. Duka la rangi lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilisimama mlangoni nikaliangalia jua, nikafikiria kazi iliyobaki, nikarudi ndani. Nilivipangusa vile vipande kwa kitambaa kikavu. Nikapaka gundi, nikabana.

Nilifungua klampu Alhamisi jioni, mapema kuliko nilivyofundishwa. Miguu mitatu ilionekana sawa. Wa nne, ule wa nyuma upande wa kulia, nilipoupiga randa niliona mstari mwembamba kama unywele ukitembea kwenye kiungo. Nikachukua wembe nikaujaribu. Ncha iliingia.

Hapo ndipo hasa ninaporudi kila ninapoikumbuka habari hii, kwa sababu hapo hapakuwa na mtu wa kulaumiwa isipokuwa mimi, na hapakuwa na jambo lolote lisilojulikana. Nilijua mguu ule haujashika. Nilijua dawa yake ni kuupasua, kuukwangua na kuanza upya, na kumwambia shangazi kwamba wenzake watakiona kiti siku nyingine. Badala yake nilichukua vumbi la muhugu lililokuwa chini ya meza, nikalichanganya na gundi, nikalisukumiza ndani ya ule ufa kwa kidole. Lilipokauka nikapiga msasa, nikapaka vanishi mara mbili. Mstari ukapotea kabisa. Nilikizunguka kile kiti nikikitazama, nami nilifurahi. Kufurahi kule ndiko kunakoniumiza zaidi ya uvivu wenyewe.

Jumamosi wale akina mama walikizunguka kama nilivyokizunguka mimi. Walipitisha viganja kwenye mvule, wakauliza rangi zile mbili nimezipataje. Shangazi alikaa, akaegemea, akafumba macho. Jirani yake naye akaomba akikalie kidogo.

"Mwalimu, na mimi utanitengenezea cha kwangu," akasema.

Nikamwahidi.

Kiti kilikaa zaidi ya miezi mitatu bila tatizo. Nilianza hata kuamini kwamba gundi yangu ilikuwa nzuri kuliko maneno ya fundi. Mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza, jirani alipata ugeni. Wakwe wa binti yake walikuja kumtembelea, naye akakiazima kile kiti ili mzee mmoja miongoni mwao akae vizuri. Usiku kikabaki kwenye baraza yake. Mvua ikaja na upepo, ikarusha maji mpaka barazani. Asubuhi alikifuta kwa kanga, akakirudisha na kueleza kilivyolowa, na shangazi akamwambia si neno.

Baada ya siku mbili walikuwa wamekaa wote wawili wakisuka. Shangazi alijigeuza kuchukua mkonge uliokuwa nyuma yake, uzito wake wote ukaangukia ule mguu wa kulia, nao ukapasuka. Alianguka ubavu, mkono wa kuume ukiwa chini yake. Jirani ndiye aliyemwinua, ndiye aliyeufunga ule mkono kwa kanga, ndiye aliyekimbia barabarani kutafuta gari la kuja Voi.

Nilipofika hospitalini nilimkuta jirani amekaa kwenye benchi nje ya wodi, matope yamekauka kwenye miguu yake. Aliniambia wamesema mfupa wa mkono umevunjika, karibu na kiganja.

Kesho yake nilikwenda Makwasinyi kumchukulia shangazi nguo. Kiti kilikuwa kimewekwa ukutani barazani, na vile vipande viwili vya mguu vimelazwa juu yake. Nilivichukua. Nyuso zilizokuwa zimeunganishwa zilikuwa laini. Mbao ikiwa imeshikana kweli, ikivunjika huacha nyuzinyuzi, huvunjika nje ya kiungo. Hizi zilikuwa zimeachana tu. Alama za randa yangu zilionekana bado, na gundi ilikuwa imekaa upande mmoja kama utando wa uji uliopoa. Pembeni kulikuwa na ukoko wa lile vumbi nililolisukumiza kwa kidole. Maji hayakuwa yamefika pale ndani kabisa.

Niliporudi hospitalini shangazi alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa plasta.

"Kimevunjika wapi?" akaniuliza.

"Mguu wa nyuma."

"Kililala mvuani, unajua? Alikiacha nje." Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayepanga mambo kichwani. "Siku ile nilimwambia si neno. Sasa niambie wewe uliyekitengeneza. Mbao ikilowa, inaachia?"

Nikasema, "Gundi haipendi maji."

Sentensi hiyo haina kosa. Fundi yeyote ataitia sahihi. Nami niliichagua kwa sababu hiyo, na shangazi aliipokea, akageuza uso ukutani, akasema, "Basi."

Tangu siku hiyo hakumsemesha tena jirani yake. Si mtu wa kugombana. Aliacha tu kumwitikia. Jirani alileta kunde, zikapokelewa na ndugu waliokuja kumuuguza, na chombo kikarudishwa kwake na mpita njia. Alikuja kukaa barazani, shangazi akaingia ndani kulala. Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umepona lakini umekaza. Vidole viwili havikunjiki vizuri mpaka leo, na kusuka mkonge kunahitaji vidole vivute kwa nguvu. Vikapu alivyokuwa amevianza alivigawa.

Mwezi wa Januari, nikitoka kumwona, jirani alinisubiri njiani karibu na shamba lake. Alikuwa na jembe begani.

"Mwalimu, nisamehe nikuulize. Maji kweli yanaweza kubandua mbao?"

"Yanaweza, mama."

"Hata ya usiku mmoja?"

Nilikuwa na nafasi. Barabara ilikuwa tupu, hakuna aliyekuwa akitusikiliza, na yule mama alikuwa amenipa swali ambalo jibu lake lilikuwa neno moja tu. Nikasema, "Inategemea."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilijua tu. Nilitaka kukiingiza ndani, lakini wageni walikuwa wamejaa, nikaona hapana nafasi. Kumbe ningekitia hata jikoni." Akashusha jembe, akaliegemea. "Nimemwondolea mwenzangu mkono wake."

Nilimwambia asijilaumu. Hebu fikiria. Nilimwambia asijilaumu, nikaenda zangu.

Kabla ya mvua za masika nilisikia amehamia Mata, kule Taveta, kwa binti yake anayelima ndizi na nyanya. Shamba lake la Makwasinyi alilikodisha. Shangazi aliniambia habari hiyo kwenye simu kama anayeniambia bei ya mahindi.

Nilikuwa nimeleta kile kiti Voi nikisema nitakitengeneza, na kikakaa chumbani kwangu, uso kwa ukuta. Hatimaye nilikipeleka karakana. Nadhani nilitaka fundi aone. Nisingeweza kuanza kusema mwenyewe. Alivaa miwani, akavigeuza vile vipande mara kadhaa, akachokonoa ule ukoko kwa kucha.

"Haya si maji," akasema.

"Najua."

"Thina hukupaka."

"Sikupaka."

"Na hapa ulitia unga ukafunika." Aliviweka mezani. "Nani aliyeumia?"

Nikamweleza yote, kuhusu shangazi, jirani, na lile nililosema hospitalini na njiani. Nilipomaliza alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya kikoi chake.

"Mimi nilikuwa na ufunguo huo nikakupa wewe," akasema mwishoni. "Kwa hiyo na mimi nasikia vibaya. Lakini yule mama wa Mata, yeye wamngojesha nini?"

Nilikwenda Makwasinyi Jumamosi hiyo hiyo.

Shangazi alikuwa akichagua pojo kwenye ungo kwa mkono wa kushoto. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikamwambia. Nilianza na chupa ya thina na kuendelea mpaka mwisho, na nilijilazimisha kutaja wembe ulivyoingia kwenye ule ufa, kwa sababu niliona nikiuruka huo nitakuwa nimemdanganya tena. Aliendelea kuchagua pojo. Nilipofika kwa jirani na lile jembe begani, mkono wake ukasimama.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilimwambia inategemea."

Aliweka ungo kando. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya kaka yake, yaani baba yangu, na siku hiyo pia hakulia.

"Mkono ningekusamehe siku ile ile," akasema. "Watu huanguka. Vitu huvunjika. Lakini wewe umenifanya nimnyime salamu mtu aliyenibeba. Nilikuwa naingia ndani nalala huku namsikia amekaa peke yake hapo nje. Nilikuwa nasikia pumzi yake. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilijua, Shangazi."

"Usiniambie pole." Nilikuwa nimefungua mdomo. "Nipeleke Mata."

Tulikwenda juma lililofuata. Tulilala kwangu Voi, tukashika barabara ya Taveta mapema. Shangazi alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na amebeba kikapu, cha mwisho alichokimaliza kabla ya kuumia. Hakunisemesha njiani. Tulipopita Mraru aliuliza tu kama bado mbali.

Jirani alikuwa shambani kati ya migomba, anapanga mikungu ya ndizi chini. Alipotuona alisimama, akajifuta mikono, hakuja mbele. Shangazi ndiye aliyemwendea. Sikusikia alichomwambia kwa sababu walisema Kidawida, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, na nilikuwa nimebaki nyuma kidogo. Nilimwona jirani akiushika ule mkono wa kuume, akiukunjua vidole kimoja kimoja, akiutazama kama mtu anayeutafuta mwiba.

Kisha nikaja nikasimama mbele yake, nikarudia kila kitu kwa Kiswahili. Nikamwambia mvua haikufanya lolote, ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuuliza. Pale njiani nilikuuliza."

"Ndiyo, mama."

"Nilihama kwangu."

"Najua."

"Haya. Nimesikia." Akamgeukia shangazi, akamwambia kuna chai nyumbani. Alinipa na mimi chai, na mhogo wa kuchemsha, na aliniuliza habari za shule kama anavyoulizwa mgeni yeyote. Neno la kunisamehe halikusemwa, nami sikulidai. Walipoanza kuzungumza habari zao za zamani, nilitoka nikakaa nje kwenye gogo hadi shangazi alipokuwa tayari.

Jirani hakurudi kuishi Makwasinyi. Binti yake alikuwa amejifungua, na wajukuu walikuwa wamemzoea. Nilikuwa na matumaini kwamba atarudi, kwa sababu kurudi kwake kungenipunguzia mzigo, na hilo lenyewe si tumaini zuri. Sasa huzungumza na shangazi kwa simu karibu kila siku, na gari likipita huleta ndizi. Shangazi naye amerudi kunisemesha. Ananituma dawa ya magoti, ananiuliza ninakula nini, ananikumbusha kwenda kanisani. Katikati ya maneno mengine, mara mojamoja, ananyamaza, nami najua ni nini kimepita kichwani mwake.

Miguu yote minne niliipasua nikaitengeneza upya, fundi akiwa amesimama kando yangu, thina mezani. Ule wa nyuma niliurudia mara mbili. Nilikipeleka kiti Makwasinyi, na shangazi hukikalia, ingawa kabla ya kuketi hushika ukuta kwanza. Cha jirani pia nilikitengeneza, cha mahogani, nikampelekea Mata. Alikipokea, akashukuru, akakiweka sebuleni karibu na mlango.

Msimu uliopita wa kupanda yule mama alikuja Makwasinyi kuliona shamba lake, akakaa kwa shangazi juma zima. Walilima pamoja, walikoka moto pamoja, na nasikia alimsaidia shangazi kuanza kikapu kipya, shangazi akipanga nyuzi kwa mkono wa kushoto na mwenzake akivuta. Mimi nilipata habari akiwa ameshaondoka. Nilimwambia shangazi kwenye simu kwamba ningependa kuja kumsalimia.

"Tulijua ungependa," akajibu. "Hatukukuita."

Kisha akaniuliza shule zinafungwa lini.